Jani Kavu na Maneno Yaliyo Chini Yake

Mazungumzo yetu ya leo, sisi wa Ufipa, baina ya bonde la Rukwa na Ziwa Tanganyika, yanahusu karatasi. Karatasi ninayoinena ni nene kidogo, urefu wake takriban sentimeta 42 na upana wake 29, na juu yake limebandikwa tawi la mti lililokaushwa, lenye majani yake, na ikipatikana lenye ua au tunda. Na katika pembe ya chini, aghalabu upande wa kulia, pana kibandiko kidogo kilichoandikwa mti huo ulikutwa wapi, siku gani, na nani, ulikuwa na kimo gani, gome lake lilikuwaje, ukikatwa ulitoa utomvu wa rangi gani, na ua lake lilikuwa na rangi gani lilipokuwa bichi, kwa kuwa katika sifa zote za mmea rangi ndiyo ya kwanza kufa.

Nyumba zinazohifadhi karatasi hizo, zikiwa zimepangwa makabatini ukoo kwa ukoo, huitwa hebaria. Asili ya kazi hii hunasibishwa na Luca Ghini, tabibu na mwalimu wa Kiitalia wa karne ya 16, aliyewafundisha wanafunzi wake kubana mimea mpaka ikauke na kuigandisha juu ya karatasi. Na kwa muda mrefu karatasi hizo zilijalidiwa kama vitabu, mpaka Linnaeus wa Sweden, katika karne ya 18, alipoziacha huru bila kushonwa, ili kila moja iweze kuhamishwa mahali pake pindi elimu inapogeuka. Leo hebaria ya Kew, kando ya London, ina vielelezo vipatavyo milioni 7. Katika Afrika ya Mashariki iliyo kubwa ni ile ya Nairobi, nayo ilizaliwa Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha chuo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na haikuhamia Nairobi ila mwaka 1950. Nasi Tanzania tunayo hebaria ya taifa huko Arusha, na ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ya misitu huko Lushoto.

Mtu aingiaye kwa mara ya kwanza katika nyumba kama hizo hudhani kwamba jani ndilo hazina. Nami nasema, na wenye kazi yao sidhani kama watanikatalia, ya kwamba jani lililopotewa na kibandiko chake halina thamani kubwa kuliko majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Kwani laweza kukwambia mimi ni mti wa namna fulani, lakini haliwezi kukwambia nilikuwa wapi wala lini, na mambo mawili hayo ndiyo anayoyatafuta yule ambaye, baada ya miaka hamsini au mia, atataka kujua kama msitu fulani ulikuwako, na ulikuwa na nini ndani yake. Tawi ni shahidi, na kibandiko ndio ushahidi wake. Basi, kama ilivyo kwa ushahidi wowote, yafaa tuulize si maneno yake tu, bali pia nani aliyeitwa kushuhudia, alisimama mahali gani, na mambo gani hakuulizwa kabisa.

Tutwae habari ya mti mmoja wa Lindi, maana Lindi ingawa iko mbali nasi, jambo lililotokea huko lina mafunzo makubwa kwetu. Baina ya mwaka 1930 na 1935 alikuwako Tanganyika Mjerumani aitwaye Hans-Joachim Schlieben, ambaye katika miaka hiyo michache alipita Lupembe, na Mahenge, na Uluguru, akamalizia Lindi, na akakusanya vielelezo vya mimea vinavyozidi namba 6,000. Vibandiko vyake vingi vya safari ya mwisho vyataja ziwa dogo la Lutamba, kilomita 40 magharibi ya mji wa Lindi. Miongoni mwa aliyoyaleta kutoka pande hizo ulikuwamo mti wenye miiba katika shina na maua mekundu ya kupendeza mno, ambao ni jamaa wa karibu wa mwamba-ngoma, ule mti tunaoujua sote kwa maua yake yanayowaka wakati matawi hayana hata jani. Na wataalamu wakampa Schlieben heshima ya kuuita mti huo kwa jina lake, Erythrina schliebenii.

Ikapita miaka sitini na kitu, wala haikuonekana karatasi nyingine. Nchi ya pwani ya kusini ilikuwa imebadilika, misitu imefyekwa ikageuka mashamba ya mikorosho, na mwaka 1998 mti ule ukaandikwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyotoweka duniani. Kisha mwaka 2001 watafiti wakaukuta, u hai, katika kipande cha msitu kisichokuwa na ulinzi wowote. Na kabla furaha haijapoa, mwaka 2008, kipande kile nacho kikafyekwa ili ipandwe mimea ya kukamuliwa mafuta ya mitambo, ikasadikiwa kwamba safari hii umekwisha kweli. Mwaka 2011 wanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakautafuta tena huko kusini, na wakaupata. Idadi ya miti iliyokomaa haikufika hamsini.

Nawaombeni tusiipite habari hii upesi. Yule aliyeuandika mti kuwa umetoweka hakusema uongo kwa makusudi: alitazama makabati, akakuta karatasi za Schlieben, akatazama miaka iliyofuata, hakukuta kitu, akakata shauri. Lakini ule utupu alioukuta kabatini ulikuwa utupu wa namna gani? Je, watu walikwenda, wakatafuta, wakaukosa mti? Au ni kwamba hakwenda mtu? Karatasi za hebaria zina nguvu ya kuthibitisha kuwapo, wala hakuna ithibati iliyo bora kuliko tawi lenyewe likiwa mbele ya macho. Ama kuthibitisha kutokuwapo, hiyo si kazi yake kabisa, na kila anayeilazimisha karatasi ishuhudie jambo ambalo haikulishuhudia huwa ameidhulumu karatasi na amejidhulumu nafsi yake.

Katika safari hiyo hiyo ya mwaka 2011 Chuo Kikuu kiliuona na mti wa pili, Karomia gigas, ambao habari zake ni za kusikitisha zaidi: ulitambuliwa kwanza mwaka 1977 pwani ya Kenya, mti mmoja tu, na baadaye mti huo mmoja ukakatwa, ikabaki karatasi bila mwenyewe, ukaonekana tena kusini mwa Tanzania mwaka 1993, kisha ukapotea machoni pa watu mpaka mwaka huo wa 2011. Tangu hapo wamefanya bidii kuuzalisha kwa mbegu, kazi ngumu kwa sababu mbegu zake hushikwa na kuvu.

Sasa, wasikilizaji wangu, yafaa tukumbuke kwamba hata ushahidi ulio bora waweza kuteketea. Katika zama za utawala wa Kijerumani, na kwa muda baada yake, vielelezo vya nchi hii vilipelekwa Berlin, kwa Adolf Engler na wanafunzi wake, na huko ndiko mamia ya miti yetu ilikopewa majina ya kitaalamu. Na kila jina la mmea lina kielelezo chake cha msingi, karatasi moja iliyoteuliwa kuwa ndiyo hujja ya jina hilo, ambayo mtu yeyote mwenye shaka huirejea. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu ya vita yakaiangukia hebaria ya Berlin, na sehemu iliyo kubwa ya vielelezo vyake, pamoja na hivyo vya msingi, ikawa majivu. Msitu wa Usambara ulikuwa salama katika mawingu yake, hakuna aliyeupiga bomu, lakini hujja za majina ya miti yake ziliungua Ulaya katika ugomvi ambao miti haikuwa na sehemu ndani yake. Kilichookoa mengi ni desturi moja ya wakusanyaji walio makini, nayo ni kukata matawi kadhaa kutoka mti ule ule, kuyapa namba moja, na kuzigawa nakala hizo kwa hebaria mbalimbali. Ndiyo maana wataalamu wa baada ya vita, walipokosa karatasi Berlin, walizunguka wakiuliza nakala katika miji mingine, na mara nyingi wakajibiwa ipo.

Tuje Ufipa. Uwanda wetu huu uliokaa baina ya maziwa mawili, wenye baridi ya Juni na nyasi zisizokwisha, haukuwa na bahati ya kutazamwa mapema kama Usambara. Wazee wetu waliojenga malungu, zile tanuru ndefu za udongo zilizoyeyusha chuma bila mivukuto kwa kuvuta upepo wenyewe, waliijua miti ya nchi hii kwa kuichagua: upi una mkaa mkali, upi hauna, upi una mpini mzuri, lakini elimu hiyo ilikaa vichwani, wala hakuna jani lililobanwa kwa ajili yake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walipita Wajerumani wawili, Fromm na Münzner, na majina yao yamo katika maandiko ya mimea ya Ufipa. Kisha kimya cha miaka mingi.

Lililokuja kuvunja kimya hicho ni nzige. Bonde la Rukwa ni mojawapo ya mahali ambapo nzige wekundu huzaliwa, na baada ya Vita Kuu ya Pili serikali mbalimbali zikaunganisha nguvu zao na kuweka Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, upande wa Zambia, makao ya shirika la kupambana nao. Na kwa kuwa huwezi kumjua nzige pasipo kuyajua majani anamokaa, wakaletwa watu wa kuyasoma majani hayo: akaja Bullock, mwanabotania wa Kew, na akaja Vesey-FitzGerald, aliyezichunguza mbuga za Rukwa kwa miaka mingi. Na hapo hapo Abercorn akaweka kituo bibi mmoja wa Wales, Mary Richards, aliyezaliwa mwaka 1885, na ambaye kazi yake kubwa ya kukusanya mimea ya Afrika aliianza akiwa amekwisha kutimiza miaka sitini, umri ambao wengi wetu huwa tunatafuta kiti penye jua. Akazunguka Abercorn, na Kasanga, na Malonje, na Mbizi, na kwingineko, akifika mpaka Kaskazini ya Tanzania, hata jumla ya namba zake ikakaribia 30,000. Kama kuna mtu mmoja ambaye tunawiwa naye zaidi kwa ushahidi wa mimea ya Ufipa, basi ni mwanamke huyo mzee.

Kazi ya wote hao, pamoja na wengine, iliingizwa katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya Mashariki, kilichokuwa kikitoka sehemu baada ya sehemu tangu mwaka 1952 mpaka 2012, ambamo mna mimea inayozidi aina 12,000. Kitabu hicho kiliigawa Tanganyika katika majimbo manane, na Ufipa imo katika jimbo la nne. Kwa hiyo msomaji akiona alama T4 mwishoni mwa habari za mti, ajue kwamba mti huo umekutwa pande zetu, au Kigoma, au Tabora. Na akikosa alama hiyo je? Wengi watasema mti huo kwetu haupo. Tumekwisha kuona kwa mti wa Lindi hukumu ya namna hiyo ina uzito gani.

Kwa maana ukizichukua karatasi zote za nchi na kutia nukta kwenye ramani kila mahali palipotajwa, kama inavyofanywa siku hizi kwa mitambo ya kompyuta katika hazina kuu ya kumbukumbu za viumbe iliyoko Copenhagen, utapata picha ambayo jina lake ni ramani ya mti, lakini ukiitazama vizuri utaona mna barabara. Nukta hufuatana na njia za magari, husongamana penye boma, na penye misheni, na penye nyumba ya wageni yenye kitanda. Na huko kwenye mabonde yenye vijito, ambako msitu umebaki kama utepe kandokando ya maji, na kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa ambako mguu wa mzigo hauthubutu, ramani ni nyeupe. Fauka ya hayo, wageni hupenda kuja kiangazi, njia zikiwa kavu, ilhali miti mingi ina siku zake za kuchanua, nayo haimngoji mgeni. Na mti usio na ua wala tunda, mkusanyaji aghalabu huupita, kwa kuwa majani peke yake ni vigumu kuyaamua. Na nukta zenyewe nazo zina udhaifu: Schlieben na wenzake hawakuwa na chombo cha kuwaambia latitudo na longitudo, waliandika tu jina la mahali, na makarani wa miaka ya baadaye waliopewa kazi ya kutafuta hesabu za ramani, wakiona kibandiko kimesema Sumbawanga, waliiweka nukta katikati ya mji, ndivyo mti wa msitu wa mlimani unavyoweza kuonekana, kwa mwenye kutazama kompyuta akiwa ng'ambo, umeota sokoni baina ya magunia ya maharage.

Miti mirefu ya msituni ina shida yake zaidi ya nyasi. Nyasi huinama ukang'oa. Mti wa mita thelathini umeliweka ua lake mahali ambapo macho tu ndiyo hufika. Hapo ndipo hutumika manati, au kamba iliyofungwa jiwe ikarushwa juu ya tawi, na zaidi ya hayo yote hutumika mtu: kijana wa kijiji cha jirani, anayejua kukwea, ambaye hupanda na panga kiunoni akateremsha tawi. Kijana huyo ndiye aliyemwongoza mgeni mpaka chini ya mti, ndiye aliyemwambia jina lake la kienyeji na dawa yake, na aghalabu ndiye asiyeandikwa. Greenway, mwanabotania wa Amani, alipotoa mwaka 1937 kamusi yake ya majina ya mimea kwa Kiswahili, na tena chapa ya pili mwaka 1940, alitumia hazina iliyotoka vinywani mwa watu wa namna hiyo kwa mamia. Majina ya miti yamehifadhiwa, ya watu hayakuhifadhiwa. Nimewahi kuambiwa kwamba hilo si kosa la elimu, kwani mti hauongezeki urefu kwa kujua nani aliyeupanda. Sikubaliani. Wanazuoni wa hadithi za Mtume, tangu zamani, hawapokei neno mpaka wajue fulani kalipokea kwa fulani, mpaka mwisho wa mnyororo. Na karatasi ya hebaria nayo ina isnadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi, kwa sababu kila mtaalamu anayeichunguza na kuona jina lililoandikwa mwanzo si sawa hubandika kipande kipya chenye jina alionalo yeye, na sahihi yake, na mwaka, bila kukibandua cha mwenzake, hata karatasi nyingine zikawa na vipande vinne au vitano vinavyobishana kwa adabu. Mnyororo huo unaomtaja kila bwana aliyeketi mezani Kew, umwache yule wa kwanza, aliyeujua mti kabla ya wote?

Siku hizi simu ya mkononi hutoa mahali barabara, na nukta haziangukii tena sokoni. Hilo ni jema. Lakini nimeona vibandiko vipya vimefupika mno: namba za ramani tele, kisha neno moja, "mti". Kwa upande wangu naliona kibandiko cha zamani chenye makosa ya kilomita tano, lakini kimesema utomvu ulikuwa mwekundu na gome lilinuka kama kitunguu, kina faida zaidi kwa mtu atakayesimama msituni akiutafuta mti huo kwa pua na kisu.

Basi iko kazi ambayo haimngojei mgeni. Msitu wa Mbizi, juu ya Sumbawanga, wenye mbega wekundu wanaofuatwa na watafiti kutoka mbali, uko pale hata katika miezi ambayo watafiti hawapo, Januari na Februari, njia zikiteleza na ukungu umeshuka. Na mwalimu wa sekondari, akisha kupata ruhusa ya wenye kulinda msitu, anaweza kupanda na wanafunzi wake na kuleta matawi ya miti ambayo haijawahi kubanwa ikiwa na maua. Vyombo vyake ni magazeti ya zamani, mbao mbili na kamba za kubania, na jiko la mkaa la kukaushia, maana masika yetu hayakaushi kitu. Gazeti libadilishwe kila siku, la sivyo jani litaingia ukungu na kuwa jeusi. Akate matawi matatu kutoka mti mmoja, namba moja kwa yote, moja alipeleke Arusha, la pili Dar es Salaam, la tatu libaki shuleni kwake. Na katika kibandiko, baada ya jina la mahali na tarehe, kimo na gome na rangi ya ua, aandike mti huo Wafipa wanauitaje, na ni nani aliyekwea.